Kilomita 33 za Mombo hadi Lushoto

Tuliondoka Tanga alfajiri. Minazi tuliiacha mapema, Muheza tukapishana na machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara, na kufika Korogwe ni mkonge mtupu, safu kwa safu mpaka jicho linachoka. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida, nao ukapapenda. Joto hauliogopi, na mvua ikichelewa unasubiri.

Mombo, chini ya milima ya Usambara, nikapanda Hiace ya Lushoto. Pale ni kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, shati limenigandia mgongoni. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa amepakata sweta.

"Mwanangu, hukubeba nguo nzito?"

"Sikubeba, mama."

Alinitazama kwa huruma. Tulipofika Soni, penye maporomoko, yeye alishavaa na mimi nimejikunyata. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi, na barabara ile inapanda kama mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Vichaka vikavu vya Mombo vilipotea, ikaja migomba, halafu kahawa. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, mabonde yamejaa kabichi, karoti na njegere, na barabarani watoto wanauza mapeasi na mafyulisi, matunda ambayo Korogwe hayawezi kuota. Matenga ya mboga yalikuwa yakipakiwa kwenye lori la Dar es Salaam. Nimekula kabichi hizo miaka yote bila kujiuliza baridi yake inatoka wapi!

Kesho yake nilikwenda Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima. Huko ndiko nilikoielewa Usambara. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande wa bahari. Ukivuka kileleni umeshakamuliwa. Ndiyo maana nyuma yangu kulikuwa na ukungu na migomba, na mbele, chini sana, tambarare ya Mkomazi imelala kahawia.

Mzee aliyenipokea alinieleza kwamba Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wana majina mawili: Shambaai ni nchi ya mlimani, nyika ni ile ya chini. Wazee wao walipenda kujenga karibu na ukingo ili nyumba moja ilime kote kuwili, ndizi juu, mahindi chini. Mvua ikikataa huku, huenda kule kukabaki cha kutia chunguni. Kwangu, hiyo ni elimu ya hali ya hewa iliyokomaa kabla ya kipimajoto kufika milimani.

"Na wewe, babu, una shamba huko chini?"

Akanishika bega, akaninyooshea mkono kuelekea nyikani.

"Uone ule mbuyu? Shamba langu linaanzia hapo. Kesho nashuka kupalilia."