Naitrojeni inatorokaje shambani

Kila msimu wa kukuzia ukifika naulizwa swali lilelile: niweke mifuko mingapi ya mbolea ya urea kwa ekari? Nami huuliza kwanza udongo ukoje leo, na mvua inatarajiwa lini. Wengine huona nawazungusha tu.

Jaribu hivi. Chukua chupa mbili za mdomo mpana, zitie udongo wenye unyevu kutoka shambani kwako. Moja nyunyizia punje za urea juu juu. Nyingine zifukie kama sentimita 5. Funika, weka mahali penye joto siku kadhaa, kisha fungua unuse. Ya kwanza itakupiga puani kama mkojo uliolala. Hiyo ni amonia, gesi inayoondoka na naitrojeni, kirutubisho ulichokinunua. Udongo una kimeng'enya kiitwacho yurease kinachovunja urea, na wakati kinaivunja, udongo unaozunguka punje hugeuka wa alkali (kinyume cha tindikali) kwa muda, amonia ikapata njia ya kupaa. Yurease imejaa pia kwenye mabua na majani ya msimu uliopita, kwa hiyo urea iliyotupwa juu ya masalia, jua linawaka na upepo unavuma, ndiyo inayopotea vibaya zaidi. Ukifukia, au mvua ya milimita 10 hadi 15 ikaishusha mapema, sehemu kubwa inabaki.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa wastani wa dunia, karibu nusu tu ya naitrojeni inayowekwa mashambani ndiyo inayoingia kwenye mazao. Hapo ndipo hesabu ya mifuko inaponichosha.

Naitrojeni iliyonusurika haijasalimika bado. Bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo mmea unaipenda lakini udongo hauishiki: ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo ni hasi. Maji yakishuka, inashuka nayo hadi chini ya mizizi, na mwisho wake ni visimani na mitoni. Shamba likituama maji, bakteria waliokosa oksijeni wanaichukua kutoka kwenye naitreti. Naitrojeni nyingi inatoka kama gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani, haina ubaya. Kiasi kidogo kinatoka kama naitrasi oksaidi, na kilo moja yake inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi katika miaka 100.

Ukizidisha kuliko mmea unavyohitaji, hasara haiongezeki kwa mwendo uleule, inaruka. Majani ya kijani kibichi kinachokaribia weusi yanasifiwa sana, mimi yananitia shaka. Mahindi yanavuta naitrojeni kwa kasi kuanzia yanapofika magotini hadi yatoe mbelewele. Kumwaga yote siku ya kupanda ni kuiacha ikae wiki kadhaa bila mwenyewe. Gawa mara mbili.

Kuna wanaoniambia wamehamia mbolea ya CAN (kalsiamu amoniamu naitreti) ili kukwepa haya yote. Kwa amonia wako sahihi, haipai kama urea. Ila karibu nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tangu ikiwa mfukoni, haina haja ya kusubiri bakteria ndipo ianze kushuka. Kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa ikiwa imetabiriwa wiki hiyo, CAN yangu inabaki stoo.