Altezza yangu ilivyokuwa inanipeleka mtaroni

Miezi minne nimeendesha kama navutana na ng'ombe. Gari ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, gia sita za mkono, nililitafuta mpaka nikachekwa. Nikalipata, linavuta kushoto. Ukiachia usukani, mtaro huo hapo.

Dawa kila mtu anayo. "Bosi, barabara zetu zina mgongo ili maji yatiririke, lazima gari liteleze kushoto." Haya. Asubuhi moja barabara ya ndani huko Bunju ilikuwa tupu, nikaliendesha upande wa kulia, ambako mteremko ni wa kulia. Likavuta kushoto vilevile, likipanda.

Alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) mara tatu, elfu thelathini na kitu kila mara, na mashine inasema kila kitu safi. Mara ya tatu kijana akakereka, akakaza tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu, kwa kukadiria. Faida niliyopata ni usukani kukaa upande kama kofia ya mlevi. Nikabadilisha matairi ya mbele, la kushoto kulia. Halikubadilika kitu, kwa hiyo tairi halina kosa.

Halafu ukaja ushauri ninaouonea aibu: punguza upepo kulia, gari litajisawazisha. Nikaweka 35 kushoto, 22 kulia. Jamani, likanyooka! Mpaka Mapinga, njia ya Bagamoyo, naendesha kwa kidole kimoja, nampigia mke wangu kumwambia nimewashinda mafundi wote wa Dar. Kufika Kerege, harufu ya mpira. Nikashuka, tairi la kulia la moto. Sawa, halina upepo, nilistahili. Nikazunguka kushoto niguse tu nilinganishe, nikaruka. Rimu haishikiki! Nikaimwagia maji ya kunywa, ikalia chsss kama kitunguu kwenye mafuta. Na sikuwa nimeshika breki tangu Boko.

Kumbe gari halikuwa linavutwa, lilikuwa linashikwa. Breki ya mbele kushoto haiachii.

Gereji ya kwanza wakanifungia raba mpya za kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, laki na ushee, siku mbili raha, ya tatu tumerudi kulekule. Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja anayetengeneza daladala chini ya mwarobaini. Hakuuliza gari la aina gani. Akapiga jeki, akazungusha mguu wa kushoto, yaani gurudumu, ukazunguka. "Kijana, kanyaga breki. Achia." Akazungusha, umeganda. Akalegeza kiungo cha juu, mpira wa breki unapokutana na bomba la chuma. Bado umeganda. Akaja chini, akalegeza nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta ya breki yakaruka kidogo, na mguu ukazunguka wenyewe.

"Kalipa ni nzima, haina kosa," akasema. "Mafuta yamefungiwa kwenye mpira."

Akaukata kwa wembe nione. Nje mpira mzuri kabisa, ndani umevimba, tundu limebaki la kupita sindano. Mguu wangu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite hapo, ila kurudi hayana wa kuyasukuma, yanarudi polepole. Ndiyo maana asubuhi, kabla sijashika breki, gari linaenda sawa, na baada ya foleni ya Mwenge linaanza vituko. Na mimi kwenye alaimenti nilikuwa nasubiri foleni nusu saa, breki imeshaachia na kupoa, tena mashine yao inapima pembe za magurudumu, habari za breki haijui.

Mipira miwili (badilisha yote, wa kulia una umri uleule), mafuta mapya, ufundi: haikufika hata laki. Mzee akadai na soda. Alaimenti nikarudia ya nne, safari hii kurekebisha uharibifu wa ile ya tatu.

Jumamosi tukaenda Bagamoyo. Baada ya Mapinga nikaachia usukani nimwonyeshe mama watoto gari linavyonyooka. Nikapigwa kibao cha mkono: "Shika hilo!"