Nilidhani hizi nyimbo zimepoteza majina

Hii stori inaanza na flashi. Binamu yangu alipopata kazi Qatar aliniachia vitu vitatu, mtungi wa gesi wa kilo sita, deni ya mama mboga ambayo nilikuja kuijua akishapanda ndege, na flashi imejaa muziki wa watu siwajui. Folda moja ilikuwa imeandikwa tu ELLIOTT, ukiifungua unapata folda zingine ndani, na kwa moja ya hizo nyimbo zilikuwa zinaitwa No Name #1, No Name #2, No Name #3, halafu kuna moja hapo katikati yenye jina lake la kawaida, halafu No Name #4.

Mimi nikajua tu hiyo ni kazi ya saiba. Si unakumbuka venye walikuwa wanatujazia nyimbo enzi hizo, unafika nyumbani unapata Track 07, Track 08, na katikati wamekuwekea mahubiri ya mtu. Halafu nikapata No Name #5 iko kwa folda ingine kabisa, peke yake, nikasema huyu naye amepotea njia, nikaikata nikaipeleka kwa wenzake. Nikajiona nimefanya jambo la maana sana. Imekaa huko karibu miaka mitatu.

Kumbe hayo ndiyo majina yenyewe. Jamaa ndiye aliamua hivyo, ametoa albamu yake ya kwanza, nyimbo 9 tu, na 4 kati ya hizo hakujisumbua kuzipa jina, akazipa namba kama nyumba za ploti. Na namba 5 kweli inakaa kwa albamu ingine, imetoka miaka mitatu baadaye. Haikuwa imepotea, ni mimi niliiteka nyara.

Kwa wale hamumjui, huyu ni Elliott Smith. Mmarekani, jina la kuzaliwa Steven, amezaliwa Omaha, Nebraska 1969, akakulia Texas, halafu akiwa na miaka 14 akahamia Portland, Oregon kuishi na babake. Alikuwa kwa bendi ya kelele inaitwa Heatmiser, gitaa za kupasua masikio, na wakati huo huo anarekodi vitu vyake pembeni kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikufa Oktoba 21, 2003, Los Angeles, akiwa na miaka 34. Ukisema jina lake watu wengi wanakumbuka hapo mwisho tu, na ndio maana nilikuwa namkwepa kidogo, nilidhani ni muziki wa kukuvuta chini ya maji. Sio hivyo. Ama sio hivyo tu.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa majirani. Nilikuwa naishi bedsita Roysambu, hapa Nairobi, zile ukuta zake ukipiga chafya mtu wa next door anakuambia pole, na mimi nilikuwa nasikiza hii kitu kwa kaspika kadogo nikipika. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili mama wa mlango wa pili akagonga, amebeba bakuli ya githeri imefunikwa na sahani, akaniangalia kwa huruma akauliza, "Jirani, kwani umefiwa?" Nikamwambia hapana mama, ni muziki tu. Akasikiza kidogo hapo mlangoni, akanipea githeri hata hivyo.

Basi nikaenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, nikanunua hedifoni. Duka silitaji, lakini mlio na uzoefu wa Luthuli mnajua ile ya kujaribiwa kwa kaunta inafanya vizuri, wanakufungia, unafika Allsops upande mmoja umekufa. Kurudisha ni nauli na ni matusi, kwa hivyo nikakaa nayo. Miezi kama minne nimemsikiza Elliott Smith kwa sikio la kushoto peke yake, kwa mathree, kwa foleni ya benki, nikiosha vyombo, na nikampenda hivyo hivyo, nikadhani nimemjua.

Siku nimepata hedifoni nzima, za kuazima kwa mtu wa kazini, niko ndani ya gari ya Thika Road imekwama hapo Muthaiga, nikaweka wimbo ambao nilikuwa nimesikiza pengine mara mia. Upande wa kulia akatokea mtu mwingine anaimba. Haki nilitoa hedifoni nikaangalia kama ni simu imefungua kitu kingine. Nikarudisha. Ni yeye. Ni sauti yake mwenyewe, maneno yaleyale, tuni ileile, ameimba mara ya pili na kuiweka upande wa pili, na hazifanani kabisa kabisa, moja inaanza neno mapema kidogo, nyingine inavuta pumzi pahali pengine. Hiyo ndiyo kazi yake, ndiyo alama yake, anaimba anarudia anazipanda moja juu ya nyingine, na pia gitaa anafanya hivyo. Kwa sikio moja ni mtu ako peke yake kwa chumba. Kwa masikio mawili ni mtu amejiletea kampani, na kampani ni yeye.

Sijui kama mnanielewa. Nilirudi nikaanza folda zote upya.

Na nikaamua nianze kutoka mwisho kurudi nyuma, kwa sababu flashi ilikuwa imepanga hivyo na mimi ni mvivu. Ile ya mwisho kabisa, From a Basement on the Hill, ilitoka 2004 akiwa ameshaenda, familia ikaomba watu waliokuwa karibu naye waimalizie. Naiheshimu lakini nasikiza kwa vipande, kuna nyimbo ndani yake nahisi kama nafungua barua za mtu. Kisha Figure 8 ya 2000, sehemu yake alirekodi Abbey Road, kule kwa Beatles ambao alikuwa anawapenda kupita kiasi, na unasikia, piano, nyuzi, vinanda, kila kona imepambwa. Wakosoaji wanaipenda. Mimi naiona kama nyumba ya mtu amepata pesa akaweka makochi mpaka hakuna pa kupita. Nyimbo mbili tatu hapo ni dhahabu, lakini ukinipa jioni moja sio hiyo nitaweka.

XO ya 1998 ndio tofauti. Hiyo pia ni ya pesa, alikuwa amesainiwa na lebo kubwa, DreamWorks, lakini huku pesa inamsikiza yeye. Kuna wimbo mmoja hapo uko kwa mwendo wa waltz, ule wa moja-mbili-tatu, na unaanzia kwa karaoke, mwanamke anaimba wimbo wa zamani jukwaani na kijana anamwangalia, na pole pole unagundua huyo kijana anaongea kuhusu mamake na mwanamume anayeishi naye. Nimewahi kukaa kwa karaoke moja hapo Ngong Road Alhamisi usiku, mama mmoja wa rika la shangazi zangu akapanda akaimba wimbo wa mapenzi macho amefunga, na mzee aliyemleta anaangalia simu tu. Nilikuwa sijasikia huo wimbo bado. Nilipousikia nilijua hiyo meza iko wapi.

Halafu akifika mwisho wa hiyo albamu, na pesa yote hiyo ya studio, anaweka gitaa chini. Wimbo wa kufunga hauna ala hata moja, ni sauti zake tu amezipanga, soprano alto tena besi, kwaya nzima na wote ni yeye. Mimi nimeimba kwaya ya kanisa miaka sita, najua venye ni ngumu watu wanne kukubaliana pa kuvuta pumzi.

Nimeruka stori ya Oscar, wacha nirudi. Portland alikuwa anaishi mkurugenzi wa filamu, Gus Van Sant, akatumia nyimbo zake kwa Good Will Hunting, na moja, Miss Misery, ikateuliwa kwa tuzo. Machi 1998 huyu jamaa wa kurekodi kwa vyumba vya chini akajikuta amevaa suti nyeupe mbele ya Hollywood yote, gitaa mkononi, na mashindano yake ni nani? Celine Dion na ule wimbo wa meli, wa filamu ya Titanic. Ule ambao hata huku kwetu hakuna harusi uliruka, hakuna mathree haikuucheza, yaani hata watoto wa nursery walikuwa wanaujua. Akashindwa, ni lazima. Nimeitazama hiyo video mara nyingi kuliko inavyofaa. Anaimba kama yuko jikoni kwake, haongezi hata kidogo.

Either/Or, 1997, ndio kipenzi, sina siri. Jina ameiba kwa kitabu cha Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, jamaa alikuwa amesoma chuo. Hapa ndipo No Name #5 inakaa kihalali. Na hapa kuna wimbo ambao pombe yenyewe ndiyo inaongea, inambembeleza mnywaji, inamwambia nitakutunza, na tuni yake ni tamu kiasi kwamba nilikuwa nimeuimba wiki nzima nikidhani ni wimbo wa mapenzi. Nilipogundua nilinyamaza. Kuna mtu wa kwetu hiyo sauti imemwimbia miaka mingi, tuishie hapo.

Ya 1995 yenye jina lake mwenyewe nawaambia ukweli siisikizi usiku. Ni nzuri sana na ni baridi sana.

Halafu unafika chini kabisa ya kisima, Roman Candle, 1994. Alirekodi kwa basementi ya nyumba Portland na mashine ya treki nne, ile inarekodi sauti nne kando kando kwa kaseti moja, haikukusudiwa hata kuwa albamu, zilikuwa demo, lebo ndogo ya hapo Portland ikasikia ikasema tunachukua zote vile zilivyo. Unasikia vidole vikiteleza kwa nyuzi. Ile kelele ya kaseti, shhhh, kama mvua ya mbali juu ya mabati, iko hapo mwanzo hadi mwisho. Kuna wimbo unaitwa Condor Ave na nimeangalia ramani, ni barabara ya ukweli huko Portland, na nikawaza mbona sisi hatuna mtu ameimba polepole hivi kuhusu Jogoo Road, mtu wa gitaa moja, hakuna beat, gari limeondoka na mtu amebaki steji. Kama yuko niambieni tafadhali, nitamtafuta.

Desemba nilienda nyumbani Machakos na flashi. Mzee wangu ni mtu wa zilizopendwa za Radio Taifa, na kama kuna mungu mdogo kwa hiyo nyumba ni Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Tanzania. Jioni tumekaa nje, nikamwekea No Name #3. Akasikiza mpaka mwisho, hakuongea, kisha akauliza, "Huyu anaimba ama anaomba msamaha?"

"Zote mbili, baba."

Akacheka kidogo, akaniambia mpigie simu dadako akuletee redio hapa nje, halafu akaanza kunieleza kuhusu Mbaraka na Shida, ule wimbo, venye mtu analia dunia imemshinda na bado gitaa la solo linakimbia na watu wako uwanjani wanacheza. Akasema huzuni ya sisi ilikuwa na tarumbeta. Hapo sikuwa na jibu. Lakini usiku nikiwa kitandani nikahesabu, Mbaraka alizaliwa 1944, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Thelathini na nne. Nikahesabu tena na vidole. Wote wawili thelathini na nne, mmoja na bendi yake ya Super Volcano nzima nyuma yake na mwingine na nafsi yake tu kwa treki ya pili.

Asubuhi nikamwambia mzee. Akanyamaza, akamimina chai, akauliza, "Na yule wako, alikuwa na watu?"

Nikasema sidhani walikuwa wachache. Kuna ile CD mbili ya 2007, New Moon, nyimbo 24 ambazo alikuwa ameziacha, watu wamekaa wakazipanga moja moja. Mzee akasema weka basi hiyo. Tukasikiza karibu nusu, ng'ombe wakaanza kusumbua, akaenda.

Nimerudi Nairobi sasa. Jana usiku stima ilikuwa imepotea, laptopu imebaki na asilimia 9, na kitu cha mwisho nilifanya kabla izime ni kuikata No Name #5 nikairudisha kwa folda ya Either/Or, hapo kati ya nyimbo zenye majina.