Kazi yangu si kujaza upepo tu: siku moja kibandani, kando ya Msitu wa Karura, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Saa moja na nusu nimeshafungua kibanda Limuru Road, nimepanga baiskeli nje na kunyunyiza maji vumbi litulie. Wapita njia huniona nimeshika pampu, basi wamekata kauli kwamba kazi yangu ndiyo hiyo. Upepo nauweka, sikatai. Lakini kinacholipa kodi hapa ni baiskeli za milimani, zile za mitumba zinazokuja kwa kontena kutoka Ulaya. Mimi huzifufua, huziuza, na hubishana na wanaozinunua.

Saa mbili ndio wakati ninaoupenda, hakuna wa kuniuliza bei ya mwisho ni ngapi. Baiskeli ikitoka kontenani siitazami rangi. Naigeuza, napitisha ukucha pale bomba la chini la fremu linapokutana na shingo. Ufa hupenda kuanzia hapo, na rangi huuficha. Mara nyingi ukucha huukuta kabla ya jicho. Kisha nazungusha magurudumu kuona kama rimu imepinda. Halafu nachuchumaa nyuma kukagua sikio la gia, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kihamisha cheni. Baiskeli zikilaliana kontenani, hicho ndicho hupinda kwanza, na asiyejua atakaza waya wiki nzima huku gia zikiruka tu. La leo limepinda. Nalinyoosha polepole, maana alumini haitaki kurudiwarudiwa.

Mpaka saa tano ni viraka, waya za breki, na mama mmoja aliyetaka mwanawe apewe baiskeli ya kukulia. Nikamwambia, mama, kiatu kikubwa utatia pamba, baiskeli utatia nini? Akacheka, akalipia ya saizi ya mtoto.

Saa sita kasoro akaingia yeye.

Viatu vyeupe, simu mkononi, na kwenye simu picha ya baiskeli yenye shoki, vile vya kupunguza mtikisiko, mbele na nyuma. "Fundi, nataka kama hii. Niko na elfu ishirini. Jumamosi tunaenda Karura na wenzangu wa ofisi, baadaye Ngong Hills."

"Mkubwa," nikamwambia, "kwa pesa hiyo ya shoki mbili utapata, lakini ile ya nyuma itakuwa springi tupu, haina mafuta ndani ya kuituliza. Ukipanda mlima, kila ukikanyaga pedali inabonyea, nguvu yako inaishia hapo. Tena ni nzito, na zile bawaba zake zikilegea utanirudia kila mwezi. Chukua ya shoki moja ya mbele, hela iliyobaki iende kwa breki na tairi."

Akanitazama kana kwamba namficha kitu kizuri. "Kwani hao wazungu walioanzisha huu mchezo walikuwa na shoki moja?"

Hapo alinigusa. Hawakuwa na hata moja! Miaka ya 1970, kule Marin County, California, vijana walichukua baiskeli nzee, nzito, za tairi nene na wakawa wanashuka nazo mlima. Mashindano yao ya kuteremka yalianza mwaka 1976. Breki ilikuwa ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na ilipata moto kiasi cha grisi kuchomeka moshi ukitoka, ikabidi kufungua haba, kile kitovu cha gurudumu, na kuipaka upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu iliyokusudiwa mchezo huo tangu mwanzo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa baiskeli ya Stumpjumper, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua dukani. Nilimweleza yote hayo spana ikiwa mkononi. Akajibu, "Sawa, lakini ya shoki mbili inakaa poa."

Tukahamia kwa saizi. Akachagua ya gurudumu la inchi 29 na fremu ndefu, kisa inaonekana ya mwanamume. Nikamwambia asimame juu yake, nyayo zote chini. Bomba la juu likamgusa pale asipotaka kuguswa. Kwa njia za msituni nataka pabaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi, maana utaruka chini bila kupanga. Ni kweli 29 hupita juu ya mizizi kwa wepesi, lakini ya 27.5 inakata kona haraka, na yeye si mrefu. Za 26 ndizo za zamani, mitumba imejaa, na sizidharau. Nikamletea ya 27.5, fremu ndogo, breki za diski za waya. Za mafuta hushika vizuri zaidi, ila hizi za waya hata fundi wa kijijini atazirekebisha. Udongo mwekundu ukilowa, breki za raba zinazobana rimu hujaa tope, na diski iko mbali na tope hilo.

Akaijaribu. Akarudi akidai tairi halina upepo. Nimeliweka laini makusudi, kama psi 30, lishike njia. Yeye alitaka gumu la lami. Akampigia rafiki yake, akaweka spika, na rafiki akaanza kunifundisha kazi akiwa Mombasa Road. Nikaombwa nipime uzito. Nikaombwa nivue kiti nirudishe. Chai yangu ikapoa, mandazi akala kijana ninayemfundisha kazi. Mwisho: "Fundi, nitarudi."

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mvua ilinyesha, stima ikapotea, mgongo ukaanza kuuma. Msichana mmoja akatoka msituni akisukuma baiskeli, cheni imekatika, matope mpaka kwenye nyusi na bado anacheka. Nilimfungia pini mpya nikimwambia asibadili gia akiwa amekandamiza pedali kwenye mwinuko. Msitu huo Wangari Maathai alipigwa akiutetea, Januari 1999. Siku hizi watu hutoka humo wakidai pampu bure. Nawapa.

Giza likiingia, tunaingiza baiskeli ndani, mikono inanuka grisi hata baada ya sabuni ya unga, simu inalia. Ni yule wa viatu vyeupe. "Fundi, ile ya 27.5 bado iko? Punguza elfu tatu. Na uniwekee stika."

Nikapunguza elfu moja, stika nikampa bure. Helmeti sikumpunguzia hata shilingi, na nikamwambia bila helmeti baiskeli haitoki.