Walidhani yumo kwenye msafara

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa! Wiki hii naomba tukae na Luka 2:41-52, habari ya Yesu kubaki hekaluni akiwa na miaka 12. Ni tendo la tano la furaha, na huu mwezi wa kumi tunalisali sana kwenye Rozari, lakini kuna mstari huwa tunaukimbia, ule wa 44. Maria na Yosefu walidhani mtoto yumo kwenye msafara wa kurudi nyumbani, wakatembea mwendo wa siku nzima, jioni ndo wanaanza kuuliza kwa ndugu na jamaa, hayupo.

Wengine husema lakini hawa wazazi vipi, siku nzima hujui mtoto alipo? Mimi naona hawakuwa wazembe hata kidogo. Waliweza kutembea siku nzima bila wasiwasi kwa sababu msafara ule ulikuwa na watu, kila mama pale ni mama wa watoto wote, mtoto akisikia njaa atalishwa na yeyote aliye karibu. Sisi wa kusini hili tunalielewa vizuri, mtoto akiwa jandoni au unyagoni halelewi na baba na mama yake peke yao, wapo makungwi na wazee na majirani, kila mmoja ana sehemu yake. Ila jioni ilipofika Maria na Yosefu waliuliza, hawakulala na kusema yupo tu na wenzake.

Sasa nawaza shule yetu ya msingi ya parokia. Watu tunasema "mwanangu nimempeleka kwa masista" na tukishasema hivyo roho imetulia, ada imelipwa, sare ipo, basi. Ni kweli yuko kwenye msafara mzuri. Asubuhi wanafagia uwanja na mafagio ya chelewa, wanapanga mstari, sala, uji, masomo, saa sita kengele ya Malaika wa Bwana na mpira unasimama hapohapo uwanjani. Watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto wanaosali na kusaidia watoto wenzao, wanachangishana vijisenti, na hii haikuanza juzi, ni tangu 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson kule Ufaransa alipowaomba watoto wasali sala fupi kila siku na watoe kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa China. Kwa hiyo mtoto wa hapa Masasi akitoa shilingi mia ili mwenzake apate daftari, anaingia kwenye msafara mrefu sana jamani, na anajifunza jambo ambalo halimo kwenye mtihani wowote.

Halafu wapo watoto Waislamu, na ni wengi, ndivyo kusini kwetu kulivyo. Wakati wa sala wanasimama kwa heshima, ikifika Ramadhani wetu nao wanajifunza kutotafuna mihogo mbele ya mwenzao aliyefunga. Wapo wanaouliza shule ya Kanisa inafaidika nini na hao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulishalisema hili mwaka 1965 kwenye tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, kwamba shule za Kikatoliki zenye wanafunzi wasio Wakatoliki, hasa kwenye Makanisa machanga, ni za thamani sana moyoni mwa Kanisa. Tena hapa kwetu shule na Kanisa vimekwenda pamoja tangu mwanzo, misioni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa mwaka 1905 wakati wa Majimaji, mwaka uliofuata watawa Wabenediktini wakaanza misioni ya Ndanda, na vijijini makatekista walikuwa wakifundisha sala na kusoma kwa pamoja chini ya paa la nyasi.

Lakini tamko hilohilo linasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Hapa ndipo moyo unaniuma. Msimu wa korosho umeanza, baba na mama wako shambani wanaokota, wanakausha, wanafuatilia mnada, na siwalaumu kwani pesa ya korosho ndo inalipa hiyo ada. Ila muda huuhuu darasa la nne wana upimaji wao wa taifa, na utasikia mtoto wa kutwa kabaki nyumbani na wadogo zake wiki nzima, au kapelekwa shamba, na hakuna aliyemwambia mwalimu. Mwalimu anadhani yuko nyumbani anaumwa, mama anadhani bibi anampeleka shule, bibi anadhani yuko shule. Wote tunadhani yumo kwenye msafara!

Jumuiya zetu ndogondogo zipo kwa ajili ya hili pia. Mama mmoja akienda shamba la mbali, jirani wa jumuiya si anaweza kumwamsha mtoto saa kumi na moja, akamwangalia ameoga, ameshika njia? Jioni amuulize leo mmesoma nini. Swali dogo tu hilo.

Na tuangalie walimkuta anafanya nini. Ameketi katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu anauliza maswali! Kwetu mtoto akiuliza sana tunamwambia ana mdomo, kaa kimya, usiwasumbue wakubwa, matokeo yake anafika darasa la saba anakariri majibu bila kuelewa na hata katekisimu anaitaja kama wimbo. Hata Maria alipomkuta aliuliza kwanza, mwanangu mbona umetutenda hivi, jibu hakulielewa, lakini aliliweka moyoni. Halafu mtoto akashuka nao Nazareti akawa anawatii, kwa hiyo kuuliza na kutii vilikaa ndani ya mtoto mmoja bila ugomvi.

Kwa hiyo jumuiya ya wiki hii tuisome Luka 2:41-52 yote, watoto waje wakae mbele na wala siyo nje kwenye mkeka, asome mtoto, na baada ya kusoma wao ndo waanze kuuliza. Swali litakalotushinda tuliandike tumpelekee katekista Jumapili baada ya misa. Na mwenyekiti aulize pale pale nani anakwenda shamba wiki ijayo na watoto wake watabaki na nani.

Milele amina.