Gema la Sabaki na kijiji cha Newtok

Mjomba wangu ana shamba ng'ambo ya daraja la mto Sabaki, hapa karibu na Malindi, ukiwa waenda Mambrui, na kila mvua ikipiga bara maji yakashuka mekundu lazima anipigie simu anambie minazi mingapi imeenda. Juzi ilikuwa miwili. Nilienda nikakuta mmoja umelala majini mizizi juu, na gema limekatika wima kabisa, ukisimama pale ukingoni moyo wenyewe wakwambia rudi nyuma.

Sasa usiku nikawa nasoma kuhusu kijiji kimoja cha Wayupik, wenyeji wa asili wa huko Alaska, Marekani, chaitwa Newtok, kando ya mto Ninglick. Kule ardhi chini imeganda miaka na miaka, yaani udongo na barafu vimeshikana kama nyama ya friza, na ndo hiyo barafu inayoshikilia gema. Joto likizidi barafu yayeyuka, mto nao wala kwa chini, mara pande zima laporomoka. Wana neno lao kabisa, usteq. Kuna miaka mto ulimega mita 20 na zaidi. Nilipomwambia mjomba akanyamaza kidogo, "kwa mwaka mmoja?"

Lakini kilichonishika mimi ni ile kuhama. Walianza kupanga 1994, wakachagua wenyewe pahala, Mertarvik, kilomita kama 15 hivi ukivuka mto, juu ya mwamba wa volkano. Kubadilishana ardhi na serikali kuu peke yake kulingoja sheria ya Bunge la Marekani 2003, familia za kwanza zikahamia 2019 na za mwisho mwisho wa 2024. Miaka 30 jamani! Mtoto alozaliwa wakaanza vikao angeweza kuhama na wanawe. Na taabu yenyewe ilikuwa hapo katikati, manake mkishajulikana mwahama nani atawatengenezea maji na umeme wa kijiji kinachokwenda mtoni? Wengine washavuka, wengine wamebaki, mto wasogea tu. Mimi naona msaada ungeanzia kwenye hiyo miaka ya kungoja, ramani nzuri nzuri na kukata utepe vije baadaye.

Kitu kimoja nimewaiga. Vijiji kadhaa vya Alaska wenyeji wapiga vigingi ardhini, halafu wapima kutoka kigingi mpaka ukingoni kila baada ya muda, hivyo mhandisi akija akute hesabu iko. Hapa kwetu hesabu ni ya mjomba na minazi yake, na afisa hawezi kuiandika popote (nshajaribu kumweleza mmoja, akanitazama tu).

Basi Jumapili nikaazima tepu ya fundi mwashi, tukachonga vigingi vinne vya mwarobaini. Cha kwanza mpaka ukingoni mita 11 na nusu. Vitatu tukavipanga kuelekea mtoni. Cha nne nilikuwa nataka kukipiga kwenye migomba, mjomba akanishika mkono.

"Hicho kakipige nyuma ya nyumba."