Kabla hujatoboa ulimi, njoo uone nyuma ya meno yangu ya chini

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia picha ya msichana katoa ulimi nje, pale kwenye ncha kuna vigololi viwili vinang'aa kama macho ya nyoka, chini yake kaandika "dada nataka hii, inauma sana?" Nikaanza kumjibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwisho nikaona bora niandike huku kwa kirefu maana najua hayuko peke yake na ye mwenyewe huwa anapita kusoma.

Nianze na swali lake. Kuuma, hakuumi kivile. Mi nilitoboa ulimi nikiwa na miaka 19, sindano ilipita sekunde mbili tatu kwisha, na hapo ndo wengi tunapodanganyika, tunaona kama siku ya kutoboa imepita salama basi tena. Usiku wa pili ulimi ulivimba mpaka ukawa haunienei mdomoni, mate nameza kwa shida, nikilala chali nahisi kama nakabwa. Kuvimba siku za mwanzo ni kitu kinachotegemewa, ndo maana kipini cha kwanza kinatakiwa kiwe kirefu ili ulimi upate nafasi, ukiwekewa kifupi nyama inavimba inakimeza na kukitoa inabidi daktari achane.

Alafu mdomo sio sikio jamani. Sikio ni kakavu, mdomoni kuna unyevu, joto na bakteria wa aina mamia, na we umeacha kidonda wazi katikati yao. Wadudu wakiingia wakashuka kwenye sakafu ya mdomo, yaani huku chini ya ulimi na chini ya kidevu, panaweza kuvimba kukawa kugumu, ulimi ukasukumwa juu na nyuma mpaka njia ya hewa ikaanza kuziba. Madaktari wanaita angina ya Ludwig. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea ni suala la masaa, kwa hiyo ukiona uvimbe unashuka shingoni, una homa, kumeza kunashindikana au unavuta hewa kwa taabu, usikae nyumbani unasukutua maji ya chumvi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na wadudu hao hao wakipenya kwenye damu wanaweza kufika kwenye valvu za moyo, yaani vile vimilango vya ndani vinavyopitisha damu, na wapo waliotoboa ulimi wakaja kukutwa na jipu kwenye ubongo. Mwenye tatizo la moyo, hasa valvu, mi nakuomba uachane na hili wazo kabisa. Sindano chafu sihitaji kuieleza sana, homa ya ini B na C na pepopunda tunazijua.

Sasa nyanyua ulimi mbele ya kioo. Ile mistari ya bluu unayoiona ni mishipa ya damu, na pembeni na ndani kuna mingine ya damu na ya fahamu ambayo huioni, kwa hiyo anayetoboa akikosea kidogo tu unaweza kutoka damu isiyokatika haraka au ukabaki na ganzi, ladha ikapungua. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilieleza habari ya msichana wa miaka 18 wa Italia ambaye baada ya kutoboa ulimi alianza kupata maumivu usoni kama anapigwa shoti ya umeme, yanakuja na kuondoka mara nyingi kwa siku, dawa hazikumsaidia, kipini kilipotolewa maumivu yakaisha ndani ya siku mbili.

Haya yote mi hayakunipata na ndo maana nilijiona mjanja. Kidonda kilipona vizuri, nikakaa nacho miaka sita. Nilikuwa na tabia ya kukigonga kwenye meno ya mbele, tk tk tk, nikisoma, nikiwaza, nikisubiri gari, mpaka mama akiwa chumba cha pili anaisikia anasema "we mtoto acha kugonga hayo meno." Sikuwahi kuhisi maumivu hata siku moja. Siku moja napiga mswaki ncha ya ulimi ikapita nyuma ya meno ya chini ya mbele nikahisi kama kuna ngazi, jino laini alafu sehemu imekwaruza alafu ndo fizi, chini kabisa. Daktari wa meno akanipa kioo nishike, akaweka kile kioo chake kidogo nyuma ya meno, nikaona mizizi ya meno yangu mwenyewe, ya njano, iko wazi, imejaa ukoga mgumu. Nikamuuliza itarudi lini, akanyamaza kidogo akasema "fizi ikishashuka hairudi yenyewe." Huwa wanaweza kuchukua kinyama kidogo kwenye kaakaa wakapandikiza, ila nyuma ya meno ya chini ni sehemu ngumu kufanyia kazi na haina uhakika. Gego langu moja pia lina ufa, hilo nililing'ata nalo kipini usingizini.

Na sio bahati mbaya yangu peke yangu. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2016 ulikuta fizi zilizoshuka kwa hadi asilimia 44 ya waliotoboa ulimi, na meno yaliyoumia kwa hadi asilimia 37. Kwa waliotoboa lipsi fizi ilikuwa hadi asilimia 50, kwa hiyo wale wanaosema basi ntatoboa lipsi ndo salama, hapana, kile kibati cha ndani kinakaa kinasugua fizi mchana na usiku. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kinapinga kutoboa sehemu yoyote ya mdomo. Kipini cha plastiki kinashikwa na uchafu kidogo kuliko cha chuma, sawa, ila kusugua bado kinasugua.

Hiyo ya macho ya nyoka ndo inaniogopesha kuliko zote mdogo wangu. Kipini kinapita mlalo kwenye ncha, kinafunga misuli ya kushoto na kulia ambayo imezoea kila mmoja kwenda kivyake, na vile vigololi vinakaa usawa wa meno ya mbele muda wote, hata usipogonga.

Kama tayari unacho sikugombezi, nami nilikivaa. Kikaze kila siku kwa mikono misafi maana kigololi kikilegea unaweza kukimeza au kikaingia kwenye njia ya hewa, kitoe ukienda kucheza mpira au kufanyiwa operesheni, na nenda ukaangaliwe fizi hata kama hakuna kinachouma.

Leo asubuhi nimewasha tochi ya simu, nikafungua mdomo, nikapiga picha nyuma ya meno ya chini, imetoka mbaya ila mizizi inaonekana vizuri. Nimemtumia. Kaiona, kakaa kama dakika kumi, kaniandikia "dada mbona hukuwahi kuniambia?" Kweli, sikuwahi. Nilikuwa naona aibu. Jumamosi anakuja tukae tuongee.